Kwa Anayepokea Zamu

Venla, flashi ipo pale pale,
nimeifunga soksi, karibu na hita, isigande.
Nimekuwekea nyimbo kumi na saba.
Nimezipanga kwa barabara, si kwa miaka.

Wa kwanza usiuwashe hapa uani.
Ngoja utoke getini, ushushe koleo,
chuma kiguse lami kianze kusaga meno,
ndipo. Gitaa litaingia kwa sauti ile ile,
utadhani aliyelipiga naye aliwahi kusukuma theluji
saa tisa usiku, kati ya Kemi na Simo.

Wa pili ni mkubwa kuliko mama yako.
Niliunasa redioni kwa kaseti,
mtangazaji akadakia kabla haujaisha
akataja baridi: nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Sikumkata. Baridi ile nayo ni sehemu ya wimbo.

Wa tatu, wa nne, endesha tu.
Wa tano besi yake inatikisa kioo cha kushoto.
Kina ufa. Nimeandika ripoti mara mbili,
hakuna aliyejali. Punguza sauti.

Sasa. Nimeona ulichofanya juzi.
Wa tisa wangu haupo.
Mahali pake umepachika vijana wanne
wanaopiga kelele kama waliofungiwa ndani ya friji.
Nilikasirika mpaka darajani.
Nilisema peke yangu kabini, kwa sauti:
kipya kinyemi, ingawa kidonda!
Halafu, kwenye kona ya kiwanda cha karatasi kilichozimwa,
yule binti akanyamaza ghafla,
akabaki na uzi mmoja wa gitaa na pumzi zake,
nami nikasimamisha gari.
Miaka ishirini na sita sijawahi kusimamisha gari.
Theluji ikaanza kuijaza upya njia niliyoifungua,
mimi nimekaa tu, taa za njano
zinaizungukia misonobari.

Basi, abaki.
Ila wangu nimeurudisha, sasa ni wa kumi.
Wakae jirani, wagombane.

Na nikuulize: kwa umri wako huu
ulijulia wapi kuugulia hivyo bila maneno?
Sisi tulidhani hasira yote tumeimaliza,
hatukubakiza hata ya kukopesha.

Wa kumi na moja hauna jina. Umeandikwa "gereji".
Usiutafute kwingine, hutaupata.
Mtu anahesabu, moja, mbili, tatu, nne,
na mpiga ngoma anaingia nne ikishapita.
Kila kiitikio anachelewa vile vile,
kama anayehangaika na buti mlangoni
wenzake wameshakaa mezani.
Tuliurekodi mara moja tu, Machi,
hita moja, watu watatu, vidole vimekufa ganzi.
Ukifika hapo utakuwa upande wa ghuba.
Usiitazame barafu. Tazama barabara.

Kumi na mbili hadi kumi na sita
zimechanganyika, zako na zangu.
Kuna mmoja nilikuwa nikiuimba dukani kwa Aune
akaniuliza ni wa zamani gani,
nikaona aibu kumwambia umetoka mwezi uliopita.

Wa kumi na saba ni dakika tisa.
Utakuwa umesharudi uani. Zima injini,
usizime wimbo. Mkuu wa zamu atapiga honi.
Apige.

Nimeliona pia swali lako
kwenye daftari la mafuta, katikati ya lita:
"Wa 11, nani huyo kwenye ngoma?
Naweza kumnyoosha kwa kompyuta, dakika tano tu."

Anaitwa Jouko.
Mwache achelewe.

Chumvi imebaki nusu. Kahawa ni ya leo.